Kuizunguka Ugiriki ya kale kwa meli ndogo: bandari unayoshukia ndiyo inayoamua utakachokielewa

MLETA MADA

Ndugu zangu, kila kiangazi cha Ulaya kinapokaribia huibuka maswali kuhusu safari za meli za kitalii za Ugiriki, na karibu kila jibu huishia kwenye majina mawili, Santorini na Mykonos. Visiwa hivyo ni vizuri kweli, sibishi. Lakini kwa mtu anayejinyima kwa miaka ili aende Ugiriki mara moja, na ambaye kinachomvuta ni Ugiriki ya mahekalu, ya michezo ya Olimpiki na ya kumbi za tamthilia, naona anaelekezwa pasipo. Mimi nimeizunguka rasi ya Peloponnese kwa meli ndogo, kutoka Piraeus, bandari ya Athens, kwa kupitia upande wa magharibi hadi Nafplio, na hoja ninayotaka kuiweka mbele yenu ni moja: Wagiriki wa kale walijenga wakiitazama bahari, na bandari unayoshukia ndiyo inayoamua kama utayaelewa magofu unayoyaona au utayapiga picha tu na kuondoka.

Ninaposema meli ndogo ninakusudia chombo kinachochukua abiria kati ya thelathini na mia mbili hivi, si zile meli za ghorofa kumi na zaidi zinazobeba watu elfu tatu au nne. Wengi hudhani tofauti yake ni ya starehe, kumbe ni ya kina cha maji na urefu wa gati. Meli kubwa ikikosa gati la kuitosha hutia nanga mbali na kuwashusha watu kwa boti, kazi inayokula sehemu kubwa ya asubuhi, na kwa sababu hiyo ratiba zake hurudi kwenye bandari zilezile zenye uwezo wa kuipokea. Meli ndogo huingia Itea, Pylos na Monemvasia, ikafunga kamba mbele ya mikahawa, nawe ukashuka kwa ngazi fupi ukiwa tayari umefika mjini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mfereji wa Korintho. Meli hutoka Piraeus ikakiacha upande wa kulia kisiwa cha Salamis, ambako mwaka 480 KK Wagiriki waliyavunja majeshi ya majini ya Uajemi, kisha baada ya saa chache hufika kwenye shingo nyembamba ya nchi inayoiunganisha Peloponnese na bara. Hapo ndipo ulipokatwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1893, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 6, na ambao upana wake kwenye usawa wa maji haufiki mita 25, huku kuta zake za mwamba zikipanda hadi karibu mita 80. Mwaka 2019 meli iitwayo Braemar, yenye upana wa mita 22.5, ilipita humo na kuweka historia kwa sababu ilikuwa pana kuliko zote zilizowahi kupita, jambo linaloonyesha jinsi njia yenyewe ilivyo finyu. Daraja la barabara lililoko mlangoni halinyanyuliwi, bali huzamishwa chini ya maji na meli ikapita juu yake. Baada ya hapo tishari hutangulia na kamba yake, injini hupunguzwa, na ukuta wa mwamba unapita pembeni mwa sitaha, wenye matabaka ya rangi ya maziwa na ya kutu, karibu kiasi kwamba baharia mwenye mpondo angeweza kuugusa. Abiria wote walikuwa wamenyamaza, na mwangwi wa sauti ya nahodha ulirudi kutoka juu.

Ili uelewe kwa nini watu walihangaika hivyo na kipande hiki kidogo cha ardhi, ni lazima ukumbuke rasi ya Malea iliyoko kusini, ambako upepo na mawimbi vilipoteza vyombo vingi. Strabo, mwanajiografia wa kale, ameandika methali ya mabaharia wa zama zake isemayo kwamba ukiizunguka Malea, sahau nyumbani. Kwa hiyo, tangu karne ya 6 KK hivi, Wakorintho walitandika barabara ya mawe iitwayo Diolkos, wakawa wanavivuta vyombo na mizigo nchi kavu kutoka ghuba moja hadi nyingine, na mabaki yake yapo hadi leo karibu na mlango wa magharibi wa mfereji. Kaisari Nero alianzisha uchimbaji mwaka 67 BK akafa kazi ikiwa changa. Wasomaji wa Biblia wataijua Korintho kwa nyaraka za Paulo, na Kenkrea kama mahali aliponyoa nywele zake kabla ya kupanda chombo. Ukiwa juu ya maji unaelewa mara moja kwamba mji ule ulitajirika kwa sababu ulikuwa na bandari kwenye bahari mbili.

Ukishatoka upande wa pili unaingia Ghuba ya Korintho, na meli hufunga Itea. Watu wengi huenda Delphi, patakatifu pa mungu Apollo, kwa basi kutoka Athens na hufika wakishuka kutoka milimani. Waliokuja kuuliza neno la Apollo kutoka visiwani na ng'ambo ya ghuba walishuka Kirra, jirani kabisa na Itea ya leo, kisha wakapanda. Barabara hupita katikati ya mizeituni isiyo na mwisho, halafu huanza kukunja na kukunja kwenye ubavu wa mlima Parnassus, na kila kona bahari inabaki chini yako, ndogo zaidi. Unapofika kwenye Njia Takatifu, yenye vijumba vya hazina vilivyojengwa na kila mji uliotaka kuonekana, umekwishaelewa kwa miguu na kwa masikio yako yaliyoziba kwamba Delphi ilikuwa mahali pa kupandia. Nguzo sita za hekalu zilizosimamishwa upya ni za jengo la karne ya 4 KK. Jumba la makumbusho lisikupite. Humo yumo Mwendesha Gari la Farasi, sanamu ya shaba ya miaka ya 470 KK iliyofukuliwa mwaka 1896, ambayo ilinusurika kwa sababu ilifunikwa na kifusi, wakati shaba nyingine nyingi za zama hizo ziliyeyushwa. Sogea karibu na uso wake: kope zake zimetengenezwa moja moja kwa vipande vyembamba vya shaba, na macho yake ya mawe ya rangi bado yanatazama mbele. Kisha inama uitazame miguu, ambayo gari lenyewe lingeificha kwa watazamaji wengi, uone mishipa na kucha zilivyochongwa kwa uangalifu uleule.

Kutoka hapo meli hushuka upande wa magharibi hadi Katakolo, bandari ya Olympia. Meli kubwa nazo hufika huku, kwa hiyo jambo la maana ni saa ya kuingia. Meli iliyolala bandarini inaweza kuwafikisha abiria wake lango linapofunguliwa saa 2 asubuhi, kabla mabasi ya wengine hayajapanga foleni. Olympia ni tambarare, ina miti na kivuli, na mito yake miwili ndiyo iliyoifunika kwa tope hadi Wajerumani walipoanza uchimbaji mkubwa mwaka 1875. Michezo ya Olimpiki inahesabiwa tangu mwaka 776 KK. Uwanja wa mbio una urefu wa mita 192, hauna viti isipokuwa mteremko wa nyasi, na mstari wa kuanzia ni mawe yenye mifereji miwili sambamba ambamo mkimbiaji alibana vidole vya miguu. Mnamo Agosti 2004, michezo ilipofanyika Athens, shindano la kutupa tufe lililetwa hapa, wanaume kwa wanawake, watazamaji wakaketi kwenye nyasi kama zamani.

Pylos watu huiruka, nami nawasihi msiiruke. Ghuba yake ya Navarino imezibwa na kisiwa kirefu cha Sphacteria kiasi kwamba maji hutulia ndani hata nje kukiwa na mawimbi. Hapo ndipo tarehe 20 Oktoba 1827 manowari za Uingereza, Ufaransa na Urusi zilipoziangamiza za Waosmani na Misri, na ndipo uhuru wa Ugiriki ulipohakikishwa. Kilomita chache kaskazini liko Kasri la Nestor, lililoungua karibu mwaka 1200 KK. Moto ule uliunguza kila kitu, lakini mabamba ya udongo yenye hesabu za kasri, ya mafuta, kondoo, shaba na wafanyakazi, yaliokwa na kuwa magumu, na ndiyo sababu yapo. Maandishi hayo yalisomwa upya mwaka 1952 na Michael Ventris, Mwingereza aliyekuwa msanifu majengo, ambaye alithibitisha kwamba lugha yake ilikuwa Kigiriki.

Monemvasia nayo ni mji wa Wabizanti uliojengwa kwenye jabali lililo karibu na nchi kavu, na kutoka barabarani huuoni kabisa, kwa sababu umeupa bara mgongo. Ni kutoka baharini tu ndipo kuta, makanisa na paa zake zinapojitokeza zote kwa pamoja. Lango lake ni jembamba, magari hayaingii, na mizigo husukumwa kwa mikokoteni.

Safari hufungwa Nafplio, mji uliokuwa makao makuu ya taifa jipya la Ugiriki kabla ya Athens kupewa hadhi hiyo mwaka 1834. Kutoka gati lake unafika magofu ya Mycenae na ya Epidaurus kwa siku moja. Epidaurus ilikuwa hospitali ya kale: wagonjwa walilala katika jengo maalumu wakitarajia mungu Asklepios awajie ndotoni na dawa. Ukumbi wake wa tamthilia wa karne ya 4 KK, wenye safu 55, unachukua watu wapatao elfu kumi na nne, na tangu miaka ya 1950 tamthilia za kale huchezwa humo kila kiangazi. Nilipanda hadi safu ya juu kabisa. Chini, kwenye jiwe la katikati, mwongozaji alisema maneno machache bila kupaza sauti, nami nikayasikia.

Nitajibu maswali kadiri nijuavyo.

MCHANGIAJI KUTOKA MOMBASA

Ahsante sana, mleta mada. Naomba utusaidie kwenye mambo ya karatasi. Mimi nina pasipoti ya Kenya, na ratiba niliyoiona mtandaoni inaanzia Piraeus, inapita Patmos, inakwenda Kuşadası nchini Uturuki kwa ajili ya Efeso, kisha inarudi Ugiriki. Viza moja inatosha? Na ni miezi gani unayoipendekeza?

MLETA MADA

Ndugu yangu wa Mombasa, swali lako la viza ni la msingi kuliko unavyodhani. Ugiriki imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wote huhitaji viza. Uturuki haimo. Meli ikigusa Kuşadası umetoka Schengen, na ikirudi Ugiriki unaingia upya, kwa hiyo ni lazima uombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na uiambatishe ratiba ya meli ili afisa aone sababu. Pia uiulize kampuni ya meli mapema kuhusu masharti ya Uturuki kwa pasipoti yako. Viza ya kuingia mara moja inaweza kukuzuia usipande meli siku ya kwanza, hata kama umeshalipa kila kitu.

Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya afya ya safari isipungue euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usiyaache hadi wiki mbili za mwisho. Ugiriki ina ubalozi Nairobi. Kuanzia Oktoba 2025 Ulaya ilianza pia kuandikisha alama za vidole na picha za wageni mpakani badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo ukitua Athens jipe nafasi ya kutosha kabla ya kupanda meli. Mimi hushauri kulala usiku mmoja mjini kwanza.

Kuhusu majira, nitasema bila kusita: Mei, mwanzoni mwa Juni, au nusu ya pili ya Septemba. Julai na Agosti huvuma meltemi, upepo mkali wa kaskazini unaoshuka Bahari ya Aegean chini ya anga safi isiyo na wingu hata moja. Mtu wa pwani hujua kusoma mawingu, lakini huu huja bila dalili hiyo, na unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Meli ndogo huhisi mawimbi kuliko kubwa, na nahodha mwenye busara hubadili njia, ukajikuta umekosa kisiwa ulichokilipia. Hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda njia ya Ghuba ya Korintho na magharibi mwa Peloponnese, ambako nguvu ya upepo huo hupungua. Tena miezi hiyo joto huwa kali kiasi kwamba Acropolis, kilima cha mahekalu cha Athens, imewahi kufungwa saa za mchana.

Jambo moja litakalokushangaza ni maji. Kule bahari haijai wala haikupwi kama kwetu. Tofauti ni ndogo mno. Ndiyo maana utaona meza za wavuvi na milango ya nyumba imewekwa kiganja tu juu ya maji, na boti zimefungwa kwa kamba fupi ambazo kwetu zingekatika kwa bamvua moja.

MCHANGIAJI KUTOKA DAR ES SALAAM

Mkuu, nakubaliana nawe kuhusu uzuri, lakini tuwe wakweli kuhusu fedha. Kitanda katika meli ndogo kwa usiku mmoja ni ghali kuliko katika meli kubwa, na msafiri wa peke yake huongezewa bei kwa sababu chumba kimepangwa kwa watu wawili. Ugiriki ina mabasi na feri nzuri. Kwa nini mtu asijipangie mwenyewe, akala kwenye mikahawa ya kawaida na kulala kwenye nyumba za wageni? Hoja yako kwamba bandari ndiyo kila kitu naiona kama imetiwa chumvi.

MLETA MADA

Kaka, hoja ya fedha ni ya kweli na ninaipokea. Niongeze hata gharama zinazosahaulika: ziara za nchi kavu mara nyingi hazimo kwenye bei ya msingi, kiingilio cha Acropolis kimepanda hadi euro 30 tangu Aprili 2025, na kuanzia Julai 2025 Ugiriki inamtoza kila abiria wa meli ya kitalii anayeshuka bandarini, euro 20 kwa Santorini na Mykonos katika miezi ya Juni hadi Septemba, na euro 5 kwa bandari nyingine. Ukiziangalia takwimu hizo utaona kwamba njia ya Peloponnese ina nafuu yake hapo pia.

Kwa mwenye fedha kidogo, mabasi ya KTEL humfikisha Delphi kutoka Athens kwa muda wa karibu saa tatu, na Nafplio kwa chini ya hapo. Kutoka Piraeus, boti za kasi humfikisha Hydra kwa muda usiozidi saa mbili. Hydra ni kisiwa kisicho na magari. Mizigo hubebwa na punda na nyumbu kwenye vichochoro vya mawe, na mtu aliyekulia Lamu atajisikia nyumbani kabla hajafika mwisho wa gati. Nyumba kubwa za kijivu zinazotazama bandari ni za manahodha waliotajirika kwa biashara ya nafaka na ambao meli zao zilipigana katika vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1821. Siku nne au tano za namna hiyo ni safari nzuri kabisa.

Lakini kuhusu bandari, hapo siafikiani nawe. Itea, Pylos na Monemvasia haziunganishwi na feri moja inayozunguka, na kuzifikia zote kwa basi utarudi vituo vya mikoa mara kwa mara. Zaidi ya hapo, ukija Monemvasia kwa basi utauona mwamba mtupu, halafu lango. Ukija kwa bahari utauona mji kama walivyouona waliokuja kuuteka, na utaelewa kwa nini iliwachukua miaka. Magofu hayana mengi ya kusema yenyewe. Mtu huyaelewa kwa kujua yalikuwa yakitazama nini.

MCHANGIAJI KUTOKA MUSCAT

Assalaam alaykum. Mimi nimefika Mykonos kwa meli kubwa na niliona watu wengi na maduka. Lakini niliambiwa kwamba jirani yake kuna Delos, nasi hatukupelekwa. Mbona nawe umeiacha? Halafu naomba kuuliza kuhusu chakula, kwani sisi tunachagua.

MLETA MADA

Waalaykum salaam, ndugu. Nimeiacha Delos kwa sababu iko upande wa visiwa vya Cyclades, nje ya njia niliyoieleza, lakini kama kuna mahali pamoja pa kunifanya nibadili njia basi ni hapo. Kutoka Mykonos ni mwendo wa nusu saa au zaidi kidogo kwa boti, na baadhi ya meli ndogo hutia nanga karibu na kuwashusha abiria wao asubuhi.

Delos ni kisiwa kidogo, kikavu, hakina miti ya maana, na hakuna anayeruhusiwa kulala isipokuwa walinzi na wachimbaji wa mambo ya kale. Wagiriki waliamini kwamba Apollo na Artemis walizaliwa hapo, na mwaka 426 KK Waathene waliyafukua makaburi yote na kuyahamisha, wakaamuru kwamba kuanzia hapo asizaliwe wala asife mtu kisiwani. Wajawazito na waliokaribia kufa walivushwa kwenda kisiwa cha Rheneia. Simba wa marumaru wa karne ya 7 KK walioletwa kutoka Naxos bado wanatazama mahali lilipokuwa ziwa takatifu. Wa asili wamewekwa makumbusho, walioko nje ni nakala.

Kinachoniuma na kunivuta Delos ni biashara yake. Mwaka 167 au 166 KK Warumi waliifanya bandari huru isiyotoza ushuru, na wafanyabiashara wakamiminika kutoka Italia, Siria na Misri. Strabo ameandika kwamba Delos iliweza kupokea na kusafirisha makumi ya maelfu ya watumwa kwa siku moja. Ukipita kwenye nyumba za matajiri, zenye sakafu za vijiwe vya rangi vilivyopangwa kuwa pomboo na chui, na visima vikubwa vya kuhifadhia maji ya mvua chini ya ua, unatembea juu ya faida ya biashara hiyo. Sisi tunaotoka pwani ambayo soko lake la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 hatuwezi kupita hapo kama watalii wengine. Waongozaji hupenda kubaki kwenye sanamu na hadithi za miungu. Muulize wako, kwa adabu, kuhusu watu waliouzwa, na umpe nafasi ya kujibu. Mji uliporomoka baada ya kushambuliwa mwaka 88 KK na tena na maharamia mwaka 69 KK, wala haukuinuka tena.

Pwani yetu pia imo katika maandishi ya Kigiriki. Karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki aliandaa mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Shamu na bahari yetu, na ndani yake ameutaja mji wa Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani ya Azania, wenye pembe za ndovu, magamba ya kasa, na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Wagiriki wa kale walikuwa watu wa bahari kama sisi, na habari zetu ziliwafikia kwa njia hiyohiyo.

Chakula si tatizo kubwa. Samaki wa kuchoma, pweza, ngisi, dagaa wa kukaanga, maharage makubwa yaliyopikwa kwa nyanya, mboga za porini na mafuta ya zeituni ndivyo vinavyotawala miji ya pwani, na pweza utawaona wameanikwa kamba nzima mbele ya mkahawa. Jihadhari na mishikaki ya mitaani, kwa kuwa mingi ni ya nguruwe. Iandikie kampuni ya meli mahitaji yako wiki kadhaa kabla. Kwenye meli ya abiria wachache mpishi hununua bidhaa bandarini na anaweza kukupangia, jambo ambalo jiko la watu elfu tatu huliona gumu.

MCHANGIAJI KUTOKA NAIROBI

Mimi ningependa kumpeleka mama yangu. Ana miaka sabini na kidogo, ni mzima, ila magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Ni muumini sana, na anatamani kuona alikopita Mtume Paulo. Je, safari hii itamfaa?

MLETA MADA

Dada, itamfaa, ila uichague kwa magoti yake. Kwanza uliza kama meli ina lifti, kwa sababu nyingi za aina hii hazina, na umwombee mama chumba cha ghorofa ileile ya chumba cha kulia. Uliza pia kama kila bandari inafikiwa kwa gati au kuna mahali pa kushuka kwa boti ndogo, maana kurukia boti inayoyumba ndiko kunakowashinda wenye magoti kuliko kutembea.

Olympia itampendeza kwa sababu ni tambarare na ina kivuli. Epidaurus anaweza kukaa safu za chini, sauti atazisikia vilevile. Delphi ni mlima. Aishie kwenye makumbusho na sehemu ya chini ya Njia Takatifu, wala asilazimishwe kufika uwanja wa juu. Monemvasia ina mawe yanayoteleza, mvalishe viatu vyenye soli ya mpira na mtembee asubuhi. Nafplio mjini ni rahisi, na ngome ya Palamidi iliyoko juu hufikiwa kwa gari, hivyo aziache zile ngazi mia kadhaa kwa vijana. Acropolis ya Athens ina lifti mpya iliyowekwa ubavuni mwa mwamba tangu Desemba 2020 kwa wasioweza kupanda. Wasiliana nao kabla, usifike tu mlangoni.

Kuhusu Mtume Paulo, omba ratiba inayopita mferejini na yenye kituo cha Korintho ya kale, ambako jukwaa la mawe la hukumu, ambapo kwa mapokeo Paulo alisimamishwa mbele ya liwali Galio, bado lipo katikati ya uwanja wa soko. Hapo ni pakavu na pa wazi, na kivuli hakipatikani kwa urahisi, kwa hiyo mchukulie mwavuli na maji. Mwombe mwongozaji awasomee sura ya 18 ya Matendo ya Mitume papo hapo. Mkiwa na siku ya ziada Athens, kilima cha Areopago kiko chini tu ya Acropolis, na inatosha akitazame kutoka chini, kwani hotuba ya Paulo imechongwa kwa Kigiriki kwenye bamba la shaba lililobandikwa penye mwamba, karibu na ngazi, na halihitaji kupandiwa.